Kosa na Dosari

Mwanafunzi asomaye tanzia hufundishwa mapema kutafuta "dosari ya mhusika", na huambiwa kuwa hiyo ndiyo iliyomwangusha. Istilahi hiyo imejengwa juu ya neno la Kiyunani, hamartia, alilolitumia Aristotle katika karne ya 4 kabla ya Masihi. Lakini kitenzi lilikotoka neno hilo kilimhusu pia mrusha silaha aliyekosa shabaha. Kiswahili chalielewa jambo hili bila ya taabu, kwani nacho kimelitoa "kosa" katika kukosa.

Tofauti ya maneno haya mawili si ndogo. Dosari imo ndani ya mtu. Kosa limo katika tendo. Mwenye dosari twamwona amestahili yaliyomfika. Aliyekosea twamwonea huruma. Na Aristotle aliitaka huruma hiyo, ndiyo maana akasema kuwa mtu wa tanzia hawi mwovu, wala hawi mwema wa kupindukia.

Tumtazame Edipode, mfalme wa tamthilia ya Sophocles ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa Kiswahili. Alipoambiwa huko Delphi kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake, hakurudi tena Korintho, asije akawadhuru waliomlea, akidhani ndio wazazi wake. Njiani akagombana na mzee mmoja, akamuua. Wengi husema: hasira ndiyo dosari yake. Kweli, hasira alikuwa nayo, na kuua ni kuua. Lakini si hasira iliyomfanya mzee yule awe baba yake.

Kwa nini basi twaipenda dosari? Naona ni kwa sababu yatutuliza. Jirani akifikwa na msiba, hatukawii kuuliza alitenda nini. Tukishampatia ila, twalala tukiamini kwamba sisi tusio na ila ile tumesalimika. Huo ni ukatili, japo twauita hekima.

Hata hivyo, kukosea si udhuru wa kila jambo. Katika tamthilia hiyo Edipode, alipoujua ukweli, hakujificha nyuma ya kutojua kwake. Alijitoboa macho, akaomba afukuzwe mjini. Kulibeba kosa ni juu ya aliyelitenda. Sisi tunaotazama hatukupewa kazi ya kumtafutia dosari. Yatosha tukumbuke kwamba nasi kila siku twalenga, wala hatujui mshale utaangukia wapi.