Jina la Baba, Daftari la Rabai

Siku ya kwanza ya mwaka 1889, watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni vya pwani ya Kenya walitambuliwa kuwa huru. Wengi wao walikuwa Rabai. Walikuwa watoro wa mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi, na aliyewapa hifadhi zaidi ya wote alikuwa William Jones, kasisi Mwafrika aliyeongoza kituo cha Rabai na ambaye yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mtumwa. Mabwana walipokuja juu na kudai mali yao, George Mackenzie wa Imperial British East Africa Company aliona heri alipe kuliko kuanza biashara na vita mlangoni. Mabwana wakapewa fidia, watoro wakapewa hati.

Malipo ya namna hiyo hayafanyiki bila kuandikana. Ilibidi ijulikane huyu ni nani na alikuwa wa nani. Kwa hiyo mjukuu wa leo anayetafuta ukoo wake Rabai anaweza kujikuta katika hali ya ajabu: babu yake anaingia katika maandishi siku ileile anapoacha kuwa mali ya mtu, na jina lililo karibu naye kwenye karatasi si la baba yake, ni la yule aliyemmiliki. Nyuma ya hapo ni kiza. Je, mtu wa aina hiyo ana nasaba? Na kama hana, wale waliomzaa, ambao hakuna anayewajua wala kuwataja, wamebaki kuwa wazee wa nani?

Rabai ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo, kwa sababu kilima hicho cha Kaunti ya Kilifi kina kumbukumbu za aina mbili zinazotazamana. Upande mmoja kuna misheni: Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianza kazi hapo mwaka 1846, na kanisa la Mtakatifu Paulo likajengwa mwaka 1887. Upande wa pili kuna misitu mitakatifu ya kaya, yaani makao ya kale ya mababu wa Warabai, ambayo pamoja na kaya nyingine za Mijikenda iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kanisani wafu wako kwenye daftari. Kayani wako mahali walipo, na anayewajua ni mzee aliyefundishwa na mzee.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba watu huanza utafiti huu kwa ajili ya falsafa. Wengi huanza kwa ajili ya shamba. Mzee anakufa, hati bado ina jina lake au hata la baba yake, na kwa kawaida mahakama haianzi kesi ya mirathi bila barua ya chifu inayotaja wajane na watoto wote wa marehemu. Hapo ndipo familia hugundua kwamba haijui hesabu yake. Kuna mke aliyeachwa Mariakani kabla ya uhuru. Kuna mtoto aliyelelewa kwa shangazi, akatumia jina la mume wa shangazi. Barua ya chifu, kikaratasi cha ukurasa mmoja chenye muhuri, ndiyo historia ya ukoo inayosomwa kwa makini kuliko zote nchini Kenya, na ndiyo inayogombewa zaidi.

Kutoka hapo mtafutaji hurudi nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua ina kasoro yake. Vyeti vya kuzaliwa havimfikishi mbali, kwa kuwa uandikishaji wa lazima wa Waafrika ulienea nchini kwa awamu, nao ulichelewa. Vitambulisho humpa wanaume tu kwa muda mrefu, maana wanawake wa Kenya walianza kupewa mwaka 1978. Kabla ya hapo kulikuwa na kipande, kilichowekwa na sheria ya 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza: mwanamume alikibeba shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kikionyesha alama za vidole, mwajiri na mshahara. Serikali ilitaka kujua nani ametoroka kazi, basi, na mambo ya nani alimzaa nani yaliingia kwa bahati. Kodi ya nyumba nayo ilihesabu vibanda. Mke aliyekuwa na kibanda chake akawa tarakimu chini ya jina la mumewe.

Nairobi hakuna ahueni sana. Moto wa mwaka 1939 uliteketeza jengo la makao makuu ya serikali ya kikoloni pamoja na majalada mengi, na ndiyo sababu ripoti za wilaya, zilizoandikwa na maafisa wa mashambani kama wale wa Kilifi na Malindi, zimekuwa na thamani kubwa kuliko walivyokusudia walioziandika. Zinasomeka leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, kwenye lile jengo la zamani la benki Moi Avenue. Anayetafuta ukoo wa Mekatilili wa Menza, kwa mfano, atamkuta humo kwa kalamu ya watu waliomkamata mwaka 1913 na kumpeleka Kisii kifungoni. Na asipojua kwamba jina lake la usichana lilikuwa Mnyazi, na kwamba Mekatilili ni jina la uzazi, yaani mama yake Katilili, anaweza kupita mbele ya mtu huyohuyo bila kumtambua.

Majina ya pwani yana fitina hiyo. Mgiriama humpa mwanawe wa kwanza jina la baba yake mzazi, kwa hiyo Karisa humzaa Charo, Charo humzaa Karisa, na Karisa humzaa Charo tena. Karani aliyezoea jina la ukoo lisilobadilika huona watu wawili tu wanaopokezana kwa miaka mia. Mwenyewe Mgiriama haoni tatizo lolote: babu amerudi, na hilo ndilo lililokusudiwa. Kwa Wadigo wa Kwale, ambao kijadi mtu alirithi kwa mjomba wake, fomu inayouliza jina la baba peke yake imeuliza swali ambalo halikuwa na uzito huo. Mjomba hana safu.

Daftari la ubatizo la Kianglikana, kama lilivyozoeleka tangu sheria ya Uingereza ya 1812, lina nafasi ya majina ya wazazi. Mtoto aliyekamatwa karibu na Ziwa Nyasa akiwa na miaka sita au saba, akauzwa mara mbili, akaokolewa baharini na manowari, angejaza nini hapo? Mmoja wa watoto hao alikuwa Myao aliyepelekwa Nasik, India, kusomeshwa na wamisionari, akatoka huko akiitwa Matthew Wellington. Alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya David Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874, akaishi Mombasa na kufariki mwaka 1935. Jina lake la kwanza, Chengwimbe, limetufikia kwa sababu alipokuwa mzee alilikumbuka na kulisimulia, likaandikwa. Karatasi ilimpa jina la jemadari Mwingereza. Lile la nyumbani lilibebwa na mdomo kwa zaidi ya nusu karne mpaka likapata karatasi yake.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Rabai methali hiyo haikai sawa, kwa kuwa hapa mtumwa hakuiacha asili, aliporwa.

Vitabu vya dini vimeujua mkasa huu kabla ya makarani wote wa Kilifi. Katika kitabu cha Ezra, Wayahudi wanarudi kutoka utumwani Babeli na kila ukoo unatafutwa kwenye orodha. Kuna makuhani, miongoni mwao wana wa Barzilai ambao babu yao alichukua jina la ukweni, wanaotafuta majina yao wasiyaone. Wanaondolewa katika ukuhani kama watu najisi, wakingoja apatikane kuhani wa kuamua kwa Urimu na Thumimu. Hakuna asemaye kuwa ni waongo. Kosa lao ni kukosekana kwenye daftari. Msomaji aliyewahi kusimama dirishani kwa msajili na kuambiwa faili halionekani ataisoma sura hiyo kwa uchungu wa pekee.

Barua za Paulo kwa Timotheo na Tito zinageuka upande wa pili kabisa, zikiwaonya Wakristo wasipoteze muda katika nasaba zisizo na mwisho. Si ajabu, ukizingatia kwamba Mathayo na Luka wenyewe wanampa Yusufu baba wawili tofauti, Yakobo na Eli, na wafafanuzi wameshughulika na jambo hilo tangu karne za mwanzo.

Uislamu ulikutana na swali lenyewe uso kwa uso. Zaid bin Haritha alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafika nyumbani kwa Mtume Muhammad, akaachwa huru na kupendwa kama mwana, hata watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Kisha ikashuka aya ya tano ya sura Al-Ahzab: waliolelewa waitwe kwa baba zao wa kuwazaa. Zaid akarudishiwa Haritha wake. Lakini aya haikuishia hapo. Imewafikiria pia wale ambao baba zao hawajulikani, na kwa hao haitoi ruhusa ya kubuni baba. Inasema ni ndugu katika dini na watu wenu wa karibu. Ni jibu gumu na la haki. Ukweli wa damu haughushiwi hata kwa upendo, na asiye na ukweli huo mkononi hatupwi nje ya jamaa. Makuhani wa Ezra wangetamani karani wa namna hiyo.

Bado kuna wafu wenyewe. John Mbiti, mwanatheolojia na kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alieleza katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba aliyekufa hubaki karibu na jamaa zake maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Anatajwa, anapewa sehemu yake ya kinywaji, anajulikana tabia zake. Baada ya vizazi vinne au vitano, wa mwisho aliyemjua anapokufa, naye huondoka katika sasa na kuzama katika zamani pamoja na umati usio na majina. Kwa Mbiti huo ndio mwendo wa kawaida wa kufa.

Wagiriama waliuweka mwendo huo katika mti. Kigango, nguzo iliyochongwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu, husimikwa na kuachwa hapo. Boma likihama, kigango hakihami. Mvua, mchwa na miaka humaliza kazi, na kuoza kwake si uzembe. Balaa huja kinapong'olewa kabla ya wakati, kama ilivyotokea kwa mamia ya vigango vilivyoibwa na kuuzwa kwa watalii na wakusanyaji. Baadhi viliishia katika makumbusho ya Marekani, ambako vilihifadhiwa visiingiliwe na mdudu, jambo ambalo mchongaji hakuliomba. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha 30.

Kinyume chake kiko jirani na Salt Lake City. Ndani ya mlima wa mwamba wa itale, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho limehifadhi mikanda zaidi ya milioni 2 ya filamu ndogo ya kumbukumbu za koo za dunia, yakiwemo madaftari ya parokia za nchi nyingi. Waumini wake husaka majina ya jamaa waliokufa ili wabatizwe kwa niaba yao, wakiyasimamisha mafundisho hayo juu ya mstari mmoja wa barua ya kwanza kwa Wakorintho. Wanaamini kwamba mfu anaweza kuukataa ubatizo huo. Hata hivyo, Wayahudi walipogundua kwamba majina ya waliouawa na Wanazi yalikuwa yakibatizwa, walilalamika, na mwaka 1995 kanisa likakubali kuacha. Kumbe kumtafuta mfu nako kunaweza kuwa kumnyakua.

Hapo ndipo hoja ya Mbiti inapata changamoto ambayo yeye hakuishughulikia. Daftari la misheni linamtoa mtu katika zamani kwa nguvu. Binti anakaa Nairobi, anafungua sanduku la nyaraka, anamkuta mwanamke aliyebatizwa Rabai miaka 130 iliyopita, ambaye kwa hesabu ya kimila alikwisha kuondoka. Amerudi katika sasa? Jina limerudi. Lakini hakuna anayejua alicheka vipi, alipenda nini, wala alikuwa mkali kwa nani. Augustino, askofu wa Hippo, aliandika mwanzoni mwa karne ya tano kwamba mapambo ya mazishi na uzuri wa kaburi huwafariji walio hai zaidi ya kuwasaidia waliokufa. Huenda angesema vivyo hivyo juu ya utafiti wa ukoo, na angekuwa amekosea kidogo. Mtu aliyeandikwa kama mali ya mwingine ana dai lake, hata kama hana habari nalo. Kumtaja upya bila jina la bwana wake ni kulipa deni ambalo fidia ya Mackenzie haikuligusa, maana fedha ile yote ilikwenda kwa mabwana.

Ila jina kwenye karatasi halimfanyi mtu kuwa mzee wa ukoo. Kinachomfanya ni wanaokubali kuwajibika kwake na kwa wenziwe. Watu wa Rabai na wa Frere Town, makazi mengine ya walioachwa huru, walilijua hilo kwa vitendo: waliotoka kwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, wasio na shangazi wala mjomba hata mmoja, walipangiana ushangazi na ujomba, wakaoana, wakazikana, wakasimamiana ubatizo. Mtaalamu wa vinasaba leo anaweza kuonyesha kwamba hawakuwa ndugu, na atakuwa sahihi katika jambo ambalo wao hawakulidai.

Linalobaki ni kazi ya mezani kwa chifu. Familia inapoketi kuandika orodha ya warithi, mara nyingi yupo mmoja ambaye asili yake haijulikani vizuri: aliletwa mdogo, akalelewa, akachimba kisima, akawauguza wazee. Sheria ya Urithi ya Kenya inamfikiria mtoto ambaye marehemu alimpokea katika familia kama wake, na inamruhusu kudai fungu. Mahakama itataka ushahidi. Ushahidi wa kwanza ni ile barua, na jina lake ama litaandikwa na ndugu zake asubuhi hiyo, ama halitaandikwa.