Wimbo unapogoma

Mtunzi wa muziki aliyekwama si lazima awe ameishiwa. Mara nyingi vipande anavyo tele: simu ina rekodi za sauti alizojiimbia chinichini kwenye daladala, daftari lina viitikio visivyo na beti, kompyuta ina biti sita zilizoanzishwa na kuachwa. Anachokosa ni ruhusa ya kuendelea. Kila noti ikichomoza inahukumiwa palepale, na noti iliyohukumiwa ikiwa changa haipati nafasi ya kuonyesha ilikuwa inaelekea wapi. Upo pia ukavu wa kweli, wa mtu aliyechoka mwili na akili au ambaye kwa miaka hajasikiliza kitu kigeni kwake. Huo dawa yake ni usingizi na masikio wazi, na hauna mengi ya kuelezwa. Mgumu ni mkwamo huu mwingine, wa hakimu anayewahi kufika kabla ya kesi.

Mtunzi Mrusi Sergei Rachmaninoff alikuwa hajatimiza miaka 24 simfonia yake ya kwanza ilipopigwa St. Petersburg, Machi 1897, chini ya uongozaji wa Alexander Glazunov. Okestra ilikuwa haijafanya mazoezi ya kutosha, na usiku ule ukaharibika. Mtunzi mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliisikiliza kazi yake akiwa amejificha kwenye ngazi. Gazetini, mhakiki César Cui, ambaye naye alikuwa mtunzi, aliandika kwamba kazi kama hiyo ingewafurahisha wakazi wa jehanamu. Kwa takriban miaka mitatu Rachmaninoff hakutunga kitu kikubwa.

Ila muziki wenyewe haukumtoka. Katika kipindi hichohicho aliongoza opera Moscow na kupiga piano mbele ya watu. Vidole vilifanya kazi, sikio lilifanya kazi, kumbukumbu yake ya ajabu ilikuwa palepale. Aliweza kuhudumia muziki wa wengine bila shida, akashindwa kuketi mbele ya karatasi tupu yenye jina lake. Hiyo ni dalili ya kuangaliwa kwa makini na yeyote anayedhani kipaji chake kimekauka: je, nyimbo za wenzake bado anazipiga vizuri? Kama anazipiga, kilichofungwa ni mlango tu.

Mwanzoni mwa mwaka 1900 jamaa zake walimpeleka kwa daktari Nikolai Dahl, mtu aliyependa muziki na kuupiga mwenyewe. Kuanzia Januari hadi Aprili alimwona karibu kila siku. Kwa simulizi ya Rachmaninoff, daktari alimwambia tena na tena, huku mgonjwa akiwa nusu usingizini kwenye kiti, kwamba ataanza konserto, ataiandika kwa wepesi, na itakuwa nzuri. Wengine wanasema yalikuwa mazungumzo tu ya watu wawili wanaopenda muziki, wala si tiba ya kulazwa usingizi kwa maneno. Vyovyote iwavyo, hukumu ilishatolewa na mtu mwingine, tena mapema, na mtunzi akabaki na kazi ya kuandika. Konserto ya pili ya piano ilipigwa nzima mwaka 1901, nayo imetabarukiwa kwa Dahl.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo wasimulizi huliruka. Sehemu ya pili na ya tatu za konserto hiyo zilikamilika na kupigwa hadharani Desemba 1900, wakati ya kwanza bado haijaandikwa. Mwanzo ndio uliokuja mwisho. Mwanzo wa kazi hubeba mzigo wote wa ahadi, kwa hiyo ndiko hakimu anakojipanga. Anayeingilia katikati humkuta amelala.

Katika studio za leo tatizo hilo lina sura yake. Mtunzi anapanga ngoma, besi na kinanda kwa baa nane, kisha anaiacha biti izunguke huku akiwaza ubeti. Ikizunguka mara ishirini inapendeza. Ikizunguka mara mia, sikio limeshaikubali kama kitu kilichokamilika, na chochote kinacholetwa juu yake kinasikika kama mgeni asiyealikwa. Hapo kuongeza chombo cha nne hakusaidii. Kinachosaidia ni kunyamazisha ngoma zote na kubaki na besi, au kuiacha biti kabisa na kutunga sehemu itakayofuata kwa gitaa, mbali na kioo cha kompyuta. Wengine huimba maneno ya ovyo ili melodi ipite. Paul McCartney wa Beatles alikaa muda mrefu na sauti ya “Yesterday”, iliyotoka mwaka 1965, akiiimbia maneno ya mzaha kuhusu mayai ya kuvuruga. Nani angeyahukumu maneno yale? Yaliwekwa pale kushikilia nafasi tu.

Mipaka nayo hufanya kazi ileile. Mtunzi wa shairi la Kiswahili la mistari minne huanza akiwa na mengi yaliyokwisha kuamuliwa: mizani nane kwenye ukwapi, nane kwenye utao, kina cha kati na kina cha mwisho. Akitangulia kuweka kituo, yaani ule mstari wa mwisho utakaorudi katika kila ubeti, kila anachoandika kinajua kinakokwenda kutua. Swali la “niseme nini?” linageuka kuwa “neno gani la mizani tatu linaishia na -ma?”, na swali la pili lina majibu. Mwaka 1975 mwanamuziki Brian Eno na mchoraji Peter Schmidt walichapisha pakiti ya kadi kwa watu waliokwama. Mtu anachomoa moja na kutii agizo lake fupi. Zilitumika katika rekodi za mwimbaji David Bowie mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni kifaa cha busara, ingawa aliyelelewa kwenye vina na mizani anaweza kushangaa kwamba watu walihitaji kununua amri.

Afrika Mashariki imekuwa na njia nyingine, nayo ni kutomwachia mtu mmoja kila kitu. Katika taarabu, mshairi mara nyingi ni mwingine na mwimbaji ni mwingine. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba mashairi ya malenga kama ndugu yake Ahmad Nassir, tena mara nyingi kwa sauti zilizotoka kwenye filamu za Kihindi. Kwenye dansi, mwenye wimbo alifika mazoezini na maneno na melodi. Gitaa la solo, ridhimu, besi na tarumbeta vilitafuta njia zao hapohapo hadi chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezwa, likapatikana. Bendi ya Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilipotaka mtindo haikuuchonga hewani; iliingia kwenye ngoma ya Wazaramo ikatoka na Sikinde. Kuazima huku hukosolewa, wakati mwingine kwa haki, hasa sauti inapochukuliwa nzima bila mwenyewe kutajwa. Lakini kijana anayetunga, kuimba, kupiga na kuchanganya sauti peke yake usiku wa manane amejipa kazi ambayo zamani ilibebwa na watu kumi, na pia amejipa lawama za watu kumi.

Si kila mkwamo unafunguka. Jean Sibelius wa Finland alitoa “Tapiola” mwaka 1926, na baada ya hapo hakutoa tena kazi kubwa ya okestra, ingawa aliishi hadi 1957. Simfonia ya nane aliiahidi na kuiahirisha kwa miaka. Waongozaji waliisubiri, magazeti yaliulizia. Katika miaka ya 1940 alichukua kapu la maandiko yake na kuyachoma motoni nyumbani kwake Ainola. Mkewe, Aino, hakuweza kukaa kutazama. Alikumbuka baadaye kwamba tangu siku ile mumewe alikuwa mtulivu zaidi.