Oksijeni Haihamishwi Jikoni

Wanangu wa Kampene, humu Maniema, nisikilizeni. Jambo hili nimelisema kwenye matanga, nimelisema sokoni, nimelisema mbele ya karakana za vijana wa sudure, na bado nasikia mtu amemwagiza mchongaji kiunganishi cha shaba ili ahamishe oksijeni kutoka bombone kubwa kwenda chupa ndogo ya mgonjwa, nyumbani, kwa mkono wake mwenyewe. Nimechoka, sikatai. Lakini mzee akinyamaza kwa uchovu, lawama itakuwa yake siku nyumba ikiwaka.

Najua mnachokitafuta. Baba alizeekea kwenye mashimo ya kasiterite, jiwe la bati, tangu enzi za SOMINKI, kampuni iliyoundwa 1976. Bei ya bati duniani ilianguka 1985, na kampuni nayo ikadhoofika mpaka ikafa, watu wakabaki na sururu na vumbi. Leo kifua cha baba kimebana. Muganga amesema anahitaji oksijeni. Ukoo umejichanga, bombone kubwa imepatikana kwa taabu, imesukumwa kwenye njia ya matope, sasa imesimama pembeni mwa kitanda. Ni ndefu karibu kama mtu mzima, uzito wake unapita kilo 60. Baba amefungwa nayo. Haendi kanisani, haendi msikitini, hata kutoka nje kuota jua la asubuhi ni shida. Halafu mtu anatokea na chupa ndogo ya kubebwa begani, tupu, na anasema: tunaweza kuijaza sisi wenyewe.

Tamaa hiyo si upumbavu. Ni mapenzi ya mtoto kwa mzazi wake. Ndiyo maana sitawagombeza, nitawaeleza.

Kwanza hesabu, maana wengi wanadhani kuna faida. Bombone ya lita 50 iliyojazwa kwa mgandamizo wa bari 150 ina oksijeni ya lita 7,500 hivi. Mgonjwa anayevuta lita 2 kwa dakika ataimaliza kwa saa 62, yaani siku mbili na nusu, usiku na mchana. Chupa ndogo ya lita 2, ikijaa kwa mgandamizo huohuo, ina lita 300, na hizo ni saa mbili na nusu. Sasa, gesi haisukumwi na mtu. Inahama yenyewe mpaka pande mbili zilingane, kisha inasimama. Bombone ikiwa imejaa, chupa ndogo itakaribia kujaa. Bombone ikibaki nusu, chupa ndogo nayo itaishia nusu, mgonjwa atapata saa moja na dakika chache. Ikibaki robo, robo. Na kila mkifungua na kufunga, kuna inayotoroka. Hewa ya baba haiongezeki kwa kuhamishwa. Inapungua.

Hilo ni la hasara tu. Linalonikosesha usingizi ni lile linalotokea ndani ya koki.

Gesi ikibanwa ghafla hupata joto. Mmeshika bomba la baiskeli mkijaza tairi, mmeona jinsi linavyopata moto kule chini, na pale mnabana hewa kidogo sana. Oksijeni ya bombone ikifunguliwa kwa haraka inakimbilia kwenye mpira mtupu, inagonga mwisho uliofungwa, na inabanwa kutoka bari 1 hadi 150 kabla hujapepesa jicho. Kwa hesabu za fizikia, joto la gesi pale mwisho linaweza kupita nyuzi 900 za Selsiasi. Halidumu, chuma kinalinyonya upesi. Lakini washa ya mpira au tone la mafuta halihitaji muda mrefu. Likishika moto ndani ya oksijeni tupu, hata chuma chenyewe kinaungua. Vijana wa sudure, ninyi mnalijua hili kuliko mtu yeyote: si kwa mkondo wa oksijeni mnakata chuma kila siku?

Oksijeni yenyewe haiwaki. Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Inakifanya kila kitu kingine kiwake kwa ukali usiozoeleka, na kinachowaka vibaya kuliko vyote ni mafuta. Sasa angalieni mikono yetu. Mkono uliotoka kwenye sombe una mawese. Mkono wa fundi wa pikipiki una grisi. Midomo ya mgonjwa tumeipaka vazelini kwa sababu oksijeni inaikausha. Nyumba nzima ya Maniema ina mafuta, na hakuna ubaya, ndiyo maisha yetu. Lakini nyumba hiyo si mahali pa kufungulia bari 150 za oksijeni.

Niliwahi kuona, katika karakana ambayo sitaitaja. Kijana aliona nyuzi za manometa zinakaza, akazipaka grisi kidogo, kwa nia njema, kama ambavyo ungefanya kwenye bolti yoyote. Akafunga, akazungusha koki mara moja mpaka mwisho. Ulitoka mlio kama wa risasi, na mwanga mweupe usiotazamika. Tulipomfikia, manometa ilikuwa donge la shaba iliyoyeyuka, kioo chake hakikuonekana tena, na vidole vya kijana yule havikurudi kuwa vidole. Alikuwa fundi mzuri. Alikosea kwa ncha ya kidole cha grisi.

Tena tukio lile lilikuwa uwanjani, chini ya paa la bati lisilo na kuta. Ninyi mnataka kuifanya kazi hiyo chumbani, kando ya godoro, pazia, chandarua, na mama anayepika kwenye mbabula upande wa pili wa ukuta. Oksijeni ikivuja haina harufu wala rangi. Inaingia kwenye blanketi, kwenye nywele, kwenye nguo, na inakaa humo. Cheche ambayo jana ingetoboa shimo dogo kwenye shati, leo inalichukua shati zima pamoja na aliyelivaa. Tarehe 27 Januari 1967 Wamarekani watatu, Grissom, White na Chaffee, walikufa wakiwa bado ardhini, katika jaribio la chombo cha anga cha Apollo 1, kwa sababu chumba chao kilijazwa oksijeni tupu na cheche ikapata pa kushika. Hao walikuwa na wahandisi wa nchi tajiri kuliko zote. Usiku wa tarehe 24 Aprili 2021 hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad iliungua baada ya chupa za oksijeni kulipuka katika wodi ya wagonjwa wa Covid, watu zaidi ya 80 wakafa, wengi wao wagonjwa na ndugu waliokuja kuwauguza.

Ndugu waliokuja kuwauguza. Nawaomba mlifikirie hilo kidogo.

Kuna wanaoniambia: Mzee, tutakuwa waangalifu, tutanawa mikono, tutafungua polepole. Ni kweli, kufungua polepole kunapunguza joto, na mikono safi ni bora kuliko michafu. Lakini je, mnajua chupa ile ndogo imetoka wapi? Chupa ya gesi hupimwa nguvu zake kila baada ya miaka kadhaa, mara nyingi mitano au kumi, na tarehe ya kipimo hugongwa kwenye bega la chuma. Ipanguseni rangi muisome. Nimeona chupa ambazo tarehe imepakwa rangi juu, na nyingine imelikwa na kutu. Je, mnajua ndani kulipita nini? Bombone za karakana hukaa karibu na asetilini, na moto wa chalumo ukirudi nyuma unaweza kusukuma asetilini mpaka kwenye upande wa oksijeni. Mabaki hayo yakikutana na oksijeni kwa mgandamizo mkubwa, hakuna uangalifu utakaosaidia. Rangi nayo isiwadanganye. Marekani oksijeni ya hospitali iko kwenye chupa ya kijani, Waingereza kwa miaka mingi walitumia chupa nyeusi yenye bega jeupe, kwingine yote ni nyeupe. Kwetu zinafika za kila upande, na brashi ya rangi inapatikana duka lolote.

Na kile kiunganishi cha kuchongwa. Wengi hawajui kwamba midomo ya chupa ndogo za hospitali ilitofautishwa kwa makusudi. Tazama koki yake: kuna vitundu viwili vidogo vilivyotobolewa mahali maalumu, na kwa oksijeni ni nafasi ya 2 na ya 5. Gesi nyingine ina nafasi nyingine, ili muuguzi aliyechoka usiku wa manane asimfungie mgonjwa gesi ya usingizi akidhani ni oksijeni. Mchongaji akikutengenezea kipande kinachoingia popote, ameivunja kinga iliyowekwa baada ya watu kufa.

Kuna mahali ambapo mgonjwa hujaza chupa yake nyumbani. Marekani kuna mtambo uliotengenezwa kwa kazi hiyo tu: unakamua oksijeni kutoka hewani, unaisukuma polepole kwenye chupa yake maalumu, na haukubali chupa ya aina nyingine. Nchi hiyohiyo humhesabu mtu anayejaza chupa za wagonjwa kuwa mtengenezaji wa dawa, na humdai usafi na vipimo kama wa kiwanda cha dawa. Kwa sababu ni dawa. Oksijeni imo kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hakuna kati yenu ambaye angekoroga sindano ya baba jikoni.

Ikizidi, nayo inadhuru. Mapafu yaliyochakaa kwa miaka mingi ya vumbi au moshi, mengine yakipewa oksijeni nyingi mgonjwa hupumua kivivu, hewa chafu ikajaa kwenye damu, akalala na asiamke. Wagonjwa wa namna hiyo waganga huwalenga asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidole, si 100. Mtoto njiti akizidishiwa, macho yake yanaweza kupofuka. Kile kipimo cha kidole, ambacho msingi wake uliwekwa na Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, leo ni kidogo kama kibiriti na kinaendeshwa na betri. Kabla ya kununua chupa ya pili, nunueni hicho, na mumwombe muuguzi awafundishe kukisoma.

Basi mfanye nini? Bombone kubwa ibaki palepale, imefungwa ukutani kwa mnyororo isije ikaanguka na kuvunjika shingo. Mtafutieni baba mpira mrefu wa pua, wa mita kadhaa, afike mlangoni, akae kwenye kiti, jua limpate. Wengi mnahangaika na chupa ndogo kumbe mpira ndio mfupi. Mbabula, taa ya mafuta na sigara viwe nje ya nyumba, si chumba cha pili. Akilazimika kusafirishwa kwenda mjini Kindu, chupa ya njiani ijazwe kule zinakojazwa kwa mtambo na watu waliofundishwa, irudi imefungwa na imepimwa. Inachelewa, najua. Barabara hii naijua kuliko mnavyoijua ninyi.

Lakini jambo kubwa zaidi ni la kwetu sote, si la nyumba moja. Kununua hewa iliyobanwa mbali, ikasafiri siku kadhaa ili iishe kwa siku mbili na nusu, hakutatuponya. Hewa hii tunayovuta humu Kampene, sehemu moja ya tano ni oksijeni. Kuna mashine inayoikamua, ndogo kama sanduku la nguo, inatoa lita 5 kwa dakika kwa umeme wa wati 350 hivi, na jua letu linaweza kuuleta umeme huo. Jirani zetu wa Uganda walilijaribu hili katika vituo 20 vya afya, wakafunga paneli, betri na mashine. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2024: vifo vya watoto waliokosa oksijeni vilipungua karibu nusu. Kenya nako, mtambo wa kuzalisha oksijeni ulifungwa katika hospitali ya Siaya mwaka 2014, kupitia mradi wa Hewatele wa daktari Bernard Olayo, na ukapeleka chupa zilizojaa kwenye hospitali za jirani. Hao si matajiri wa kupindukia. Walikaa, wakapiga hesabu, wakaomba.

Sisi tunachangia harusi, tunachangia matanga, tunanunua jenereta za kuchezea muziki. Waulizeni wakuu wa eneo letu la afya: mashine ya kukamua oksijeni ipo? Inafanya kazi? Nani ana ufunguo, nani anasafisha chujio lake? Kama haipo, itajwe kwenye kila kikao, na kila mheshimiwa anayekuja kuomba kura aisikie kabla hajaketi. Mama mwenye nyumba ya matope na mchimbaji mwenye dhahabu mfukoni wote watakosa pumzi siku moja.

Nawe kijana wa sudure uliyelipwa kuchonga kile kiunganishi, rudisha faranga za watu. Kipande usimpe mwingine wala usikitundike ukutani kwa siku ya shida. Kifunge kwenye jiriwa, chukua msumeno, ukikate vipande viwili leo.