Jembe la Mgeni wa Usiku Mmoja

Sote twaijua methali yetu isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wazee waliotuachia methali hiyo hawakuwa wachoyo. Walitaka kutufundisha kwamba mtu alaye chakula cha nyumba mwishowe hana budi kushika kazi ya nyumba, asije akawa mzigo. Lakini je, yule mgeni alalaye usiku mmoja tu, akaondoka alfajiri kabla mwenyeji hajaamka, yeye anadaiwa nini? Na kama mwenyeji hakumwona kabisa, wala hakujua kwamba kuna mtu amelala kwake, je, mgeni huyo anadaiwa cho chote?

Swali hili lilinikuta njiani mwaka 2019, nilipokuwa nikisafiri peke yangu kwa pikipiki katika nchi za Skandinavia muda wa wiki sita, nikilala katika hema. Nilianzia Copenhagen katika Denmark, nikavuka daraja la Øresund mpaka Malmö katika Uswidi, nikapanda kaskazini hadi Nordkapp, kisha nikarudi kusini kwa njia ya Norwei. Sitaki kuwachosha kwa habari za kila kilomita. Nataka kueleza jambo moja ambalo niliahidi kulieleza, na sababu ya ahadi hiyo mtaiona.

Kwetu mgeni hupiga hodi, akangoja mpaka aambiwe karibu. Katika Norwei, Uswidi na Ufini mambo ni kinyume: karibu imetangulia hodi. Kwa desturi ya zamani, mtu ye yote, mwenyeji au mgeni, aweza kupita kwa miguu katika misitu na milima ya mtu mwingine, akachuma matunda ya porini, akapiga hema na kulala, bila kumwomba mwenye ardhi ruhusa. Waswidi huiita allemansrätten, yaani haki ya kila mtu, na katika mwaka 1994 waliitaja katika katiba yao. Wanorwei waliiandika katika sheria ya mwaka 1957. Sheria hiyo yasema kwamba hema lipigwe mbali na nyumba inayokaliwa kwa mita 150 au zaidi, na kwamba mtu asikae mahali pamoja zaidi ya siku mbili bila ruhusa, isipokuwa juu milimani na mahali palipo mbali na watu. Siku mbili! Niliposoma maneno hayo nilicheka peke yangu, maana nilidhani ni sisi tu tuliohesabu siku za mgeni namna hiyo.

Haki hiyo ina mipaka yake. Shamba lililolimwa halimo, wala ua wa nyumba haumo. Pikipiki nayo haimo. Uswidi kwa sheria ya mwaka 1975, na Norwei kwa sheria ya mwaka 1977, zilikataza watu kuendesha vyombo vya moto porini kwa starehe zao. Kwa hiyo kila jioni niliiacha pikipiki kando ya barabara mahali panaporuhusiwa, nikabeba hema begani na kuingia msituni kwa miguu kama watu wengine. Katika Denmark haki hii si pana hivyo. Huko msafiri hulala kambini kwa kulipa, au katika misitu iliyotengwa kwa kazi hiyo, au humwomba mwenye shamba.

Waswidi huufupisha wajibu wa mgeni kwa maneno mawili: usisumbue, usiharibu. Nami nilidhani nimeyaelewa.

Kaskazini ya mji wa Mora nilikuta ziwa dogo, na kando yake mwamba mpana, laini, unaoshuka polepole mpaka majini. Ulikuwa mwezi wa Julai, siku ambazo huko giza halishuki sawasawa, na mbu walikuwa wengi. Mvua ilikuwa imeninyeshea mchana kutwa. Siku ile hapakuwa na marufuku ya moto, nami nilijua kwamba kuwasha moto msituni ni hatari, kwa sababu ardhi ya huko imejaa majani na mizizi mikavu, na moto huweza kufukuta chini kwa chini bila kuonekana. Basi nikajiona mwerevu. Nikasema, juu ya mwamba ni salama. Nikakusanya matawi makavu yaliyoanguka, nikawasha moto mkubwa, nikachemsha chai na kuanika soksi zangu. Mara moja au mbili nilisikia mlio kama wa chungu kinachopasuka. Sikuujali.

Asubuhi nikaona kazi yangu. Mwamba ulikuwa umepasuka. Vipande vyembamba vilikuwa vimebanduka kama magamba ya samaki, na palipobaki pameungua, peusi. Mwamba ule ulilainishwa na barafu nzito iliyofunika nchi zile maelfu ya miaka iliyopita. Mimi nimeuharibu kwa jioni moja, kwa ajili ya soksi.

Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Na sasa niseme kweli: neno la kwanza lililonijia moyoni halikuwa "Nimekosa." Lilikuwa "Hakuna aliyeniona." Nikaanza kukunja hema upesi upesi.

Kabla sijamaliza, mashua ilikuja, na ndani yake mzee mmoja akipiga makasia. Alikuwa akienda kutazama nyavu zake. Akanisalimu, akatazama mahali pa moto, akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikajibu kwamba nimelala vizuri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwamba hauponi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwarifu mwenzake jambo asilolijua. Nikamwuliza kama ardhi ile ni yake. Akasema ni yake, na kabla yake ilikuwa ya baba yake. Nikatoa pochi mfukoni. "Mzee," nikamwambia, "nikulipe nini?" Akatikisa kichwa. Akasema kwamba kitu kile hakilipiki, lakini kama nataka kufanya jambo, basi niwaambie wengine wasiwashe moto juu ya mwamba. Nikamwahidi. Akanimiminia kahawa kutoka chupa yake, tukanywa pamoja, naye akaenda zake. Hakuniambia niondoke.

Ndugu zangu, kama angalinitukana ningalipata nafuu. Mtu akikutukana, waweza kumjibu, na baada ya kumjibu wajiona mko sawa. Lakini mtu aliyekunywesha kahawa huku ukiwa umevunja mali yake, utamjibu nini? Kwa hiyo nilijibizana na nafsi yangu. Barabara ya E45 kutoka Mora kupita Östersund mpaka Jokkmokk, karibu na mstari wa Aktiki, ni ndefu na ina misitu pande zote mbili, na ndani ya helmeti mtu hana wa kuzungumza naye ila yeye mwenyewe.

Kwanza nilijitetea kwamba sikujua. Lakini utetezi huo haukusimama. Kabla ya safari nilikuwa nimesoma sana habari za haki ya kila mtu. Nilijua nimeruhusiwa nini, mahali gani, na kwa siku ngapi. Onyo juu ya kuwasha moto kwenye miamba halikufichwa; limo katika maelezo yale yale wapewayo wasafiri. Nilisoma ninachopewa, nikaruka ninachotakiwa. Si kweli kwamba sikujua. Kweli ni kwamba sikutafuta kujua.

Pili nilijitetea kwamba mimi nasafiri peke yangu, simtegemei mtu, kwa hiyo simdai mtu wala sidaiwi. Utetezi huu ni mtamu sana kwa mwenye pikipiki. Hema lake, jiko lake, chakula chake, vyote amevifunga nyuma yake. Lakini kadiri nilivyozidi kwenda kaskazini ndivyo ulivyozidi kunivunjikia. Niliona kulungu wa kufugwa wakitembea barabarani bila mchungaji, nikadhani ni wanyama wa porini. Kumbe kila mmoja ana alama sikioni, na ana mwenyewe, mtu wa kabila la Wasami, ambao ndio wafugaji wa kulungu katika nchi ile. Pori nililoliona tupu lilikuwa malisho ya watu. Na nilipokaribia Nordkapp nilipita katika njia iliyochimbwa chini ya bahari, yenye urefu wa karibu kilomita 7, inayoshuka mita 212 chini ya usawa wa bahari. Ilifunguliwa mwaka 1999. Mle ndani nilikuwa peke yangu kabisa, nasikia mlio wa pikipiki yangu tu. Nikajiuliza, mtu aliye peke yake ndani ya kazi ya mikono ya watu wengi namna hii, ana haki gani ya kusema hamtegemei mtu? Nilisimama juu ya jabali la Nordkapp, mita 307 juu ya bahari, nikaliona jua la usiku wa manane. Lilikuwa zuri. Lakini tayari nilikuwa nimejua kwamba hakuna aliyefika pale peke yake.

Tatu nilijitetea kwamba mimi ni mmoja tu. Moto mmoja, mwamba mmoja, katika nchi yenye miamba isiyohesabika. Utetezi huu ulikufa katika visiwa vya Lofoten. Huko milima husimama moja kwa moja kutoka baharini, na fukwe zake ni nyeupe kama za pwani yetu, ingawa maji yake ni baridi ya kukata mifupa. Watu huja kutoka pande zote za dunia kupiga hema. Mahali pengine nilikuta nyasi zimekanyagwa mpaka udongo umetoka, na nyuma ya mawe karatasi za chooni. Kila mmoja aliyefanya hivyo alikuja na hema moja, akalala usiku mmoja au mawili, na kila mmoja aliweza kusema kwa kweli kabisa, "Mimi ni mmoja tu." Basi wenyeji walichoka, na katika sehemu kadhaa za visiwa hivyo serikali za mitaa zimekataza kupiga hema. Haki iliyokuwa ya kila mtu, mahali pale haipo tena. Hakuna mtu mmoja aliyeiondoa. Iliondolewa na wale waliokuwa mmoja mmoja.

Hapo nikarudi kwenye swali langu. Nilijiuliza ni ipi iliyo bora, desturi ya kupiga hodi au desturi ya karibu iliyotangulia hodi. Anayepiga hodi humwona mwenyeji uso kwa uso, na uso ule humfundisha adabu. Aliyekaribishwa kabla hajaomba hana uso wa kumfundisha. Lazima moyo wake mwenyewe uwe mwenyeji wake. Ndiyo maana haki hiyo ni kubwa zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi zaidi kuvunjika. Haina mlinzi, ina wageni tu.

Wala nisiseme kwamba imani ya namna hiyo ni upumbavu. Katika milima ya Norwei chama cha watembeao milimani, kilichoanzishwa mwaka 1868, kina vibanda vingi visivyo na mlinzi. Msafiri hufungua kwa ufunguo wa wanachama, hula chakula kilichomo kabatini, huandika alichokula, na hulipa. Kando ya barabara za mashambani nilinunua viazi na matunda mezani pasipo na muuzaji, pana kisanduku cha fedha tu. Mambo hayo hayaendeshwi na polisi. Yanaendelea kwa sababu wapitao wengi, wakiwa peke yao mbele ya kisanduku, hulipa.

Na sisi je? Twayo mambo mengi ya namna hiyo: bomba la maji la kijiji, choo cha stendi, kivuli cha mti sokoni, ukumbi wa kanisa tunaouazima kwa arusi. Hapo nasi tu wageni wa usiku mmoja, na mwenyeji wetu ni yule ajaye baada yetu, ambaye hatutamwona.

Basi jibu langu ni hili. Mgeni wa usiku mmoja anadaiwa, hata kama hakuonwa na mtu. Jembe lake analishika asubuhi kabla ya kuondoka: apaache mahali pale kama kwamba hakulala mtu. Na akiwa ameharibu kitu kisichotengenezeka, kama mimi, basi asikunje hema upesi upesi na kukimbia. Akae, akiri, aulize afanye nini, na aliloambiwa alifanye, hata kama ni dogo na halilipi hasara.

Mwamba ule kando ya ziwa bado umepasuka, nao hautapona. Mzee yule aliniambia niwaambie wengine. Kwa hiyo nawaambia: msiwashe moto juu ya mwamba.