Kigugumizi: Nani Amalize Sentensi?

Miongoni mwa mambo ambayo watu wengi huyafanya kwa nia njema, na pengine wakidhani wanachuma thawabu, ni kummalizia maneno mtu mwenye kigugumizi. Anasema "na-na-naomba", na kabla hajafika popote mtu amekwishadakia: "Maji? Chenji?" Suala ninalotaka tulitazame ni je, huo ni msaada kweli?

Naliuliza nikiwa mhusika. Nina kigugumizi tangu utotoni, na kazi yangu hapa Newala ni kufundisha maarifa ya Uislamu, yaani kazi ya mdomo. Mtu wa namna yangu hujifunza mbinu. Huvuta irabu ya kwanza taratibu badala ya kulisukuma neno kwa nguvu. Huandika ubaoni kabla ya kutamka. Hukwepa neno gumu akatafuta jepesi, na hapa ndipo penye mtihani. Kwa miaka mingi herufi K ilinishinda, basi nikipanda gari kwenda Kitangari nilikuwa nataja kituo cha mbele, nalipa nauli ya huko, kisha narudi kwa miguu. Nauli ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mtu anaweza kuishi akisema kile kinachotamkika, si kile anachokikusudia.

Chukua mfano wa kikao cha mirathi. Anaulizwa kama ameridhika na fungu lake la mikorosho. "Ndiyo" ni neno moja. "Hapana" inadai maelezo mbele ya wajomba na mashemeji. Anaanza, anakwama, na mtu mwema pembeni anasema: "Huyu ameridhika, tuendelee." Hapo haki ya mtu imepotea na hakuna aliyekusudia kudhulumu.

Tunasoma katika Surat Twaha kwamba Nabii Musa (AS) alipotumwa kwa Firauni aliomba alifunguliwe fundo la ulimi wake ili wayafahamu maneno yake. Wafasiri wametaja kisa cha kaa la moto utotoni, ingawa Qur'an yenyewe haikueleza sababu ya fundo hilo. Ibn Kathir ameeleza kuwa hakuomba aondolewe uzito wote wa ulimi, bali kiasi cha kueleweka. Kisha akaomba apewe nduguye Haruni, na katika Surat Al-Qasas anasema kuwa Haruni ni fasaha kuliko yeye, na kwamba amtaka awe msaidizi wa kumsadikisha. Zingatia: Haruni aliombwa. Hakujitokeza mwenyewe kumnyang'anya kaka mtu mzima maneno. Na Firauni alipouliza Mola wao ni nani, aliyejibu ni Musa. Ama aliyeufanya ulimi wa Musa kuwa hoja ya kumdharau, ni Firauni huyo huyo, kama ilivyo katika Surat Az-Zukhruf.

Wataalamu wanakadiria kuwa mtu 1 katika kila watu wazima 100 ana kigugumizi, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Aghalabu huanza kati ya miaka 2 na 5, na urithi wa familia una sehemu yake. Si woga, wala si upungufu wa akili. Jambo la ajabu ni kwamba watu wakisoma kwa pamoja kigugumizi hupungua sana, mara nyingi hutoweka kabisa. Kila mwalimu wa madrasa anaweza kulishuhudia: mtoto asiyeweza kutaja jina lake anaisoma Fatiha na wenzake bila kukwama. Kumchapa ili atamke peke yake haraka ni kuongeza fundo juu ya fundo.

Wanafiqhi wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, hawakuficha kuwa imamu mwenye kurudiarudia herufi ni makuruhu ilhali wapo wengine. Lakini wamesema swala nyuma yake inasihi. Ikiwa safu nzima inaweza kumsubiri mbele ya Mwenyezi Mungu, sembuse kikao cha mikorosho?

Basi anayeongoza kikao cha mirathi asiandike kuwa fulani ameridhika mpaka fulani mwenyewe afike mwisho wa sentensi yake, au aandike kwa mkono wake, au amteue Haruni wake. Ikichukua dakika tano, ni dakika tano. Wengine wanaweza kunywa chai.