Nia ya Mwenye Kisu

Katika nyanda za juu za Ufipa, ambako wahunzi wa zamani walijenga matanuru marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyozidi kimo cha mtu na kujivutia hewa pasipo mivukuto, kisha wakakisafisha chuma katika tanuru dogo la kintengwe, kazi ile haikutengwa na dawa wala ibada, kwa kuwa chuma kilekile huzaa jembe na mkuki. Basi mtu wa Sumbawanga achaguaye leo kisu cha kukunja cha kwenda nacho porini, kuchongea vigingi na kukatia kamba, amerithi suala lile la kale: je, dhambi i katika chuma, au katika nia?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humtia hatiani atembeaye hadharani na silaha pasipo sababu halali, kwa namna ya kutia watu hofu. Nami naamini kwamba hapo sheria imegusa jambo la roho, maana huuliza kwanza dhamiri na mwenendo. Kwa hiyo nausia ubapa mfupi wenye bawaba imara, ukae umekunjwa mfukoni mtu apitapo sokoni, ukunjuliwe penye kazi tu.