Dansi ya Kifungoni, Dansi ya Harusini

Je, mtu aliye kambini ana haki ya kucheza? Sisemi ruhusa, ruhusa ni mambo ya ofisi. Nauliza haki. Kijiji kimeungua, ndugu hajulikani aliko, na wewe umevaa suti ya kuazima, unazunguka na bibi arusi chini ya turubai. Ni vizuri mbele ya Mungu na mbele ya watu?

Kwetu swali hili si la vitabu, linarudi kila harusi. Wazee wengine husema wazi: tutacheza tukirudi nyumbani. Vijana wanajibu: lini, mzee? Basi kila mtu anakasirika, na spika zinawashwa vilevile.

Nataka nilipeleke mbali kidogo, Uskoti, kwa watu ambao ukiwatazama utasema hawa shida hawaijui. Huko kuna marafiki wanaokutana jioni, baada ya kazi, kwenye ukumbi wa kanisa au wa shule, kucheza dansi za zamani za Kiskoti. Chama chao kilianzishwa Glasgow mwaka 1923 na wanawake wawili, Jean Milligan na Ysobel Stewart, walioona dansi hizo zinakwenda kupotea. Mtu anaweza kucheza na mwenzake miaka mingi bila kujua habari za nyumbani kwake. Wanajuana kwa mikono na miguu. Na wawili wao wakioana, wale wachezaji ndio wanaojaza harusi.

Usifikirie sebene, ambapo atalaku anapiga kelele na kila mtu anaonyesha alichonacho. Hapa wanasimama mistari miwili, wanatazamana, mara nyingi jozi nne. Jozi ya juu inaanza, inacheza na jozi iliyo chini yake, inashuka, inacheza na inayofuata, halafu inakwenda mwisho wa mstari, na jozi ya pili inakuwa ya kwanza. Hata bibi arusi. Zamu yake ikiisha anasimama chini na kuwasaidia wengine kucheza yao. Hilo nimelipenda kweli, maana kwetu maharusi tunawakalisha kwenye viti vikubwa kama sanamu mpaka mgongo unauma. Dada yetu mmoja aliyepata nchi ya tatu, akafikia Glasgow, alialikwa harusi ya namna hiyo. Anasema hakuna aliyemuuliza kama anajua. Walimshika mkono, na kila alipokosea, mtu fulani alimgeuza bega taratibu.

Sasa, kati ya dansi wanazozicheza sana harusini kuna moja ya mwendo wa haraka inayoitwa Reel of the 51st Division. Hiyo namba 51 ni ya kikosi. Juni 1940, wenzao wengi walipokuwa wamekwisha kuvushwa kwa meli kutoka Dunkirk, askari wa kikosi cha 51 cha Uskoti walizingirwa Saint-Valery-en-Caux, pwani ya Ufaransa, wakakamatwa kwa maelfu. Wakaswagwa kwa miguu kuelekea Ujerumani. Maofisa wengi walifungwa kwenye ngome ya Laufen, huko Bavaria. Chakula kidogo, barua chache, hakuna anayejua vita vitakwisha lini. Humo ndani luteni Jimmy Atkinson na wenzake wakatunga dansi. Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Wanaume walicheza nafasi zote. Mwaka 1945 kile chama cha Glasgow kikaichapisha katika kitabu chake cha 13.

Umbo lake ndilo linalonishika. Jozi inayocheza inasimama katikati, imeshikana mikono, na kila upande kuna rafiki mmoja wa pembeni, watu wanne katika mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe. Kisha wanazigeukia pembe mbili zilizobaki. Mistari hiyo miwili ni msalaba wa Mtakatifu Andrea, ule wa mshazari ulio kwenye bendera yao. Wafungwa waliichora nchi yao sakafuni kwa miili. Lakini angalia: wawili wa katikati peke yao hawawezi. Pembe moja ikikosa mtu, hakuna msalaba.

Kwa hiyo mimi siamini tena kwamba anayecheza kambini amesahau. Mtu aliyejifunika blanketi na huzuni yake anaweza kulala hadi kesho, hakuna anayemdai kitu. Aliye pembeni anangojewa na wenzake, lazima ainuke. Wazee wanaitazama furaha kama mbegu: ukiila leo, utapanda nini ukirudi? Nawaheshimu, ila naona mfano haufai. Mahindi yanaisha kwa kuliwa. Dansi inaisha kwa kutochezwa, ndicho walichokiogopa wale wanawake wa 1923, tena wao walikuwa kwao, hakuna aliyewafukuza. Sisi wanaojua hatua za kwetu wanazikwa hapahapa kambini, mmoja mmoja. Tukisubiri kurudi, watoto watarudi na nini?

Jambo moja nawapa wazee bila ubishi. Jirani akiwa na matanga, zima spika, nenda ukakae naye, harusi isogezwe hata wiki. Haki ya kucheza haikupi ruhusa ya kumchezea mtu juu ya kaburi, na vijana wanaojifanya hawalijui hili wanalijua sana.

Lakini kuna mahali ambapo mfano wangu unachechemea. Nilimsimulia habari ya Laufen mzee mmoja wa hapa kwetu, katika wale wanaopinga muziki. Alisikiliza yote, msalaba, pembe, wanaume waliocheza nafasi za wanawake, akacheka hata. Halafu akauliza kama waliicheza tena vita vilipokwisha. Nikamwambia ndiyo, mzee, mpaka leo, kwenye harusi zao.

"Basi," akasema, "wao walirudi."